Kama Ulivyonipa

Jina la Koleo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mafundi wenzake wa garaji ya avenyu ya kumi na nne, pale Buyenzi mjini Bujumbura, siku chujio la oili la gari fulani lilipogoma kufunguka. Wakaligonga, wakalitukana, wakalifunga mnyororo, wapi! Shakuru akafuta mafuta viganjani, akalishika kwa mkono mtupu, akalizungusha likatoka. Toka siku hiyo hata mke wake, Raihana, akimkasirikia humwita Koleo.

Na kwenye judo ndiko jina lilikomkaa sawasawa. Maana judo, kwa asiyeijua, si kuangushana. Kuangushana ni mwisho wa habari. Habari yenyewe ni kushikana: nani anatangulia kuikamata kola ya mwenzake, nani anaupata mkono wa nguo, nani anabanduliwa akabaki kushika hewa. Wawili wanaweza kuzungukana dakika nzima wakipigana vikofi vya viganja tu, watu wasiojua wakapiga miayo, kumbe vita vimeshakwisha na mmoja ameshashindwa, ila hajaanguka bado. Maître Atumani, mzee aliyewafundisha vijana wa Buyenzi zaidi ya miaka thelathini, alikuwa akimshika mwanafunzi mpya mkono na kumhesabia vidole: "Gumba na cha shahada hawa ni wageni, wape kiti wakae. Wenye nyumba ni hawa watatu wa mwisho. Kamata na hawa." Vyake mwenyewe vilikuwa vimepinda kama tangawizi, tena vimekufa ganzi, alishika bilauri ya chai ya moto na asisikie kitu. Hiyo ndiyo pensheni ya judo, na mtu asikudanganye kwamba kuna nyingine.

Shakuru alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na goti lililomlilia kila akipanda ngazi. Katika judo yote alikuwa akitaka kitu kimoja tu: avae kimono yenye jina la Burundi mgongoni, apande ndege, asalimie tatami, ule mkeka wa kupigania, wa nchi ya watu. Mara moja. Hata akipigwa sekunde ya kumi, sawa, kapigwa huko. Kwa uzani wake, kilo sabini na tatu, nafasi ni moja, na mara mbili alifika fainali ya mchujo, na mara mbili nafasi ile ikachukuliwa na Gaël.

Huyo Gaël, sasa. Kijana wa Kibenga, miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye mikono ya kumvua mtu kofia akiwa ng'ambo ya barabara. Anapigana kwa kushoto. Ule mkono wa kushoto unaruka juu ya bega lako na kwenda kuikamata kola nyuma ya shingo, na ukishakamatwa hapo basi: kichwa kinainama, kichwa kikiinama mgongo unafuata, na mgongo ukishafuata we ni wa kubebwa. Shakuru alibebwa mara mbili mbele ya watu wale wale. Tena Gaël hakuwa mjeuri, na hicho ndicho kilichouma. Akimwangusha mtu, anamwinua, anamtengenezea mkanda, anamwita kaka. Angekuwa mshenzi, Shakuru angepata angalau pa kuiweka hasira yake.

Mwaka huu mchujo ukatangazwa, wa safari ya Dakar, na watu wa kamati wakasema bila kuficha: baada ya huu, wenye kupita miaka thelathini wawapishe wadogo zao. Shakuru alisikia maneno hayo amesimama, akaenda kukaa.

Wiki moja baadaye alikuwa barazani kwa Mzee Bahizire, fundi cherehani aliyetokea Uvira zamani hizo, ndiye aliyeshona karibu kimono zote za klabu. Shakuru aliweka juu ya meza kimono yake mpya, ambayo Raihana alikuwa amemtarizia jina kwa uzi mwekundu upande wa ndani wa kola. Juu yake akaweka kipande kirefu cha mkanda wa injini, wa mpira, ule unaozungusha feni, meno yake yamenyolewa kwa wembe.

"Mzee, kola hii unaweza kuifanya ngumu?"

"Ngumu namna gani? Ngumu ya kanzu ama ngumu ya ukuta?"

"Ngumu mutu asiweze kukunja vidole."

Bahizire akavua miwani, akautazama ule mpira, akamtazama Shakuru, akaivaa tena miwani. "Mi nashonaka, sipiganaka," akasema. "Lakini we, mutu wa mikono kama hiyo, unatafuta nini ndani ya kola?"

"We shona tu, mzee wangu."

"Haya. Mi sina macho. Lakini siku maneno yakija, nisisikie jina la Bahizire."

Akashona. Na alishona vizuri, maskini, maana hakujua kushona vibaya. Ukiitazama hujui kitu. Ukiishika ndipo unajua: vidole vinapanda juu ya kola, vinatafuta pa kujikunja, havipati.

Hesabu ya Shakuru ilikuwa hii. Asubuhi ya mashindano, kila mtu hupita mbele ya mama mmoja anayeitwa Spéciose, mkali kama pilipili, anayepima urefu wa mikono ya nguo na kuzifinyafinya kola zote. Huyo Shakuru angempelekea kimono yake ya zamani, ile iliyolainika kwa kufuliwa miaka sita. Baada ya hapo hakuna anayepima tena. Kimono mpya ingelala ndani ya mfuko mpaka fainali, na fainali angekuwa na Gaël, hilo halikuhitaji mganga. Aende basi na ule mkono wake wa nyuma ya shingo, akakutane na mkanda wa feni! Siku hizo mafuta ya gari yalikuwa hayaonekani mjini, garaji imejaa magari yaliyolala, na Shakuru alikuwa na muda mrefu wa kukaa juu ya tairi na kucheka peke yake.

Kitu kimoja alikisahau, na si kwamba hakukijua. Alikijua toka akiwa na miaka tisa.

Zamani, miaka ya vita, wakati mtaa na mtaa walikuwa hawavukiani, Maître Atumani alikuwa na kimono nne za turubai na watoto thelathini. Watoto wa kila upande. Mmoja akimaliza kupigana anaivua ikiwa imelowa jasho, mwingine anaivaa hivyo hivyo, hata kama huyo mwingine ndiye atakayepigana naye baada ya hapo. Hapo mzee akaweka sheria, na sheria hiyo ikaenea klabu zote za Bujumbura, maana waalimu wote wamepita mikononi mwake: kimono hainyimwi mtu. Mwenye mbili humpa asiye na moja, awe rafiki, awe adui. Aliyeazima anaifua yeye mwenyewe kwa mikono yake, anairudisha mbele ya wanafunzi wote na kusema, "Nimekurudishia kama ulivyonipa." Na mwenyewe anaipokea na kujibu, "Nimeipokea kama nilivyokupa." Watoto wa Buyenzi huyajua maneno hayo kabla hawajajua kuanguka.

Siku ikafika, Jumamosi. Ukumbi umejaa, joto la kupikia wali. Spéciose akaifinya kola ya zamani, akasema, "Hii itakufia mwilini, mwanangu," akampitisha. Shakuru akashinda pambano la kwanza, la pili, la nusu fainali, yote kwa mikono. Alikuwa akikamata mtu, mtu anaganda. Vijana wa garaji walikuwa wakipiga makelele, "Koleo! Koleo!" na kwa kweli siku hiyo angeweza kumfungua mtu nati.

Nusu fainali ya pili ilikuwa ya Gaël na kijana mmoja wa Ruziba. Wakagongana vichwa, yule wa Ruziba akatoka damu puani kama bomba lililopasuka, yote ikamwagikia Gaël kifuani. Gaël akashinda. Lakini kimono yenye damu haipandi tatami, hiyo ni kanuni ya dunia nzima, na Gaël siku hiyo alikuja na moja tu. Ya pili alikuwa amemwazima mwenzake wa klabu, ambaye alishatolewa, akaondoka nayo. Ndiyo hivyo, aliikopesha kwa sheria ile ile.

Shakuru alikuwa chooni. Alipotoka, akiwa na hamu ya kufungua mfuko wake na kubadili nguo, akamkuta Maître Atumani ameinama juu ya mfuko, ameitoa kimono mpya ikiwa imekunjwa na kufungwa mkanda, anamkabidhi Gaël.

"We umeshavaa moja," mzee akamwambia, akitabasamu kwa meno aliyobakiwa nayo. "Mwenzio hana kitu. Nimejua hutakataa."

Vile vidole vya tangawizi vilikuwa vimeishika ile kola yote, gumba na wenzake, wala havikusikia kitu.

Nini la kusema hapo? Sema, kama we hodari. "Apana, Maître, hiyo nimeitia mpira"? Shakuru akafungua mdomo, akakuta maneno yaliyomo ni mawili tu, "Hakuna shida," akayatoa hayo.

"Asante sana, kaka," Gaël akasema, akaenda kuvaa.

Mwamuzi alikuwa Sylvère, mwalimu wa shule, mtu asiyecheka. Akawaita katikati, wakasalimiana, akasema, "Hajime!"

Shakuru akatangulia, kama kawaida yake. Mkono wa kushoto ukanasa mkono wa nguo wa Gaël juu ya kiwiko, wa kulia ukaenda kwenye kola, chini kidogo ya mtulinga, pale anapopapenda. Wale wenye nyumba watatu wakajikunja. Kola haikujikunja. Vidole vikapanda juu ya mpira wake mwenyewe, vikateleza, vikarudi mikono mitupu. Akarudia. Vikateleza. Na wakati anahangaika, mkono wa Gaël ukaruka juu ya bega na kuzama nyuma ya shingo, kwenye ile kola ya zamani iliyolainika miaka sita, ukaishika kama unashika shuka. Kichwa cha Shakuru kikainama. Akajitupa nyuma, akajibandua kwa nguvu zote mpaka kitambaa kikalia, akabaki anazunguka mbali, viganja mbele.

Akajaribu tena kuingia, na tena, na kila akiingia anatoka bila kitu.

"Matte!" Sylvère akawasimamisha. Akamnyooshea Shakuru kidole: anakwepa kushikana. Adhabu ya kwanza. Zikifika tatu, mtu anatolewa.

Anakwepa kushikana! Koleo! Ukumbini watu wakaguna. Gaël alikuwa akijitengeneza kimono taratibu. Akaigonga ile kola kwa vidole viwili, kama mtu anayebisha hodi, huku anamtazama Shakuru usoni. Shakuru akaangalia chini.

"Kuna shida?" Sylvère akamuuliza.

"Apana."

Wakaanza tena. Safari hii Shakuru akaacha kola, akaenda na mikono ya nguo yote miwili, lakini mtu mwenye mikono mirefu vile ukimshika mikononi tu ni sawa na kushika mlango kwa pazia. Gaël akajitingisha, akabaki huru upande mmoja. Shakuru akasema liwalo na liwe. Akageuka ampige bega, ambebe mgongoni, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe kwenye kola, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili. Ukateleza katikati ya mwendo. Kidole cha pete kikalia ko! Akajikuta amepiga magoti peke yake, mgongo mtupu, hakuna mtu juu yake.

"Matte!" Shambulio la uongo. Adhabu ya pili.

Akakivuta kile kidole mwenyewe, kikarudi mahali pake, machozi yakamtoka bila ruhusa. Gaël alikuwa amesimama kwenye mstari wake. Vidole viwili tena juu ya kola, hodi hodi, na macho yale yale.

"Shakuru, kuna kitu unataka kusema?" Sylvère akauliza.

Kitu kilikuwepo. Neno moja: kola ipimwe. Lingetosha. Wangeivua, wangeileta kwa Spéciose, Spéciose angeifinya na kupasua mshono, mkanda wa feni ungetoka mbele ya watu wote, na upande wa ndani wangesoma kwa uzi mwekundu: SHAKURU. Kimono ya nani? Yake. Mpira wa nani? Wake. Garaji ya nani? Akatingisha kichwa.

"Koleo, kamata! Kamata mutu, bwana!" vijana wa Buyenzi walikuwa wakilia.

Dakika ya mwisho hata hakuikumbuka vizuri. Alikumbuka mkono wa kulia ukiinuka kwenda kwenye kola na kurudi njiani, kwa sababu ulikuwa umeshaanza kuogopa. Mkono wake! Uliogopa kitambaa. Akawa anazunguka, anapiga viganja, anabandua, hashiki, hashikwi, na Gaël anamfuata polepole. Sylvère akasimamisha mara ya tatu, Gaël akagonga kola mara ya tatu, na mwamuzi alipoona Shakuru hana la kusema, akanyoosha mkono. Adhabu ya tatu. Ametolewa. Hakuangushwa, hakubebwa. Mtu aitwaye Koleo alitolewa kwa kosa la kutoshika.

"Koleo imekuwa kijiko!" mmoja akapayuka kutoka juu, na ukumbi mzima ukacheka, hata waliokuwa wakilia.

Maître Atumani akamfunika taulo kichwani. "Mwanangu," akasema kwa upole, "leo mikono ulimwachia nani?" Afadhali angempiga kofi.

Shakuru akamkimbilia Gaël mlangoni. "Nipe kimono hivyo hivyo. Nitafua mi mwenyewe."

"Apana, kaka. Sheria ni sheria."

"Nakuambia nipe, haina neno."

"We Shakuru!" Maître akamkemea kutoka nyuma. "Umeshindwa, sasa unataka na kuvunja adabu? Ataifua yeye. Ataileta Alhamisi."

Mwiba wa kujichoma hauna pole. Akarudi Buyenzi kwa miguu.

Nyumbani Raihana alikuwa ameshasikia. Buyenzi habari haingoji mwenyewe afike. "Kimono mpya iko wapi?" akauliza.

"Nimemwazima Gaël."

Raihana akadhani ni utani, akacheka. Kisha akaona si utani. "Ulimpa mutu mwenye kukupiga kimono mupya, we ukapigana na ile tambara?" Macho yake yakajaa maji. "Baba Moubarak, mi sikujua nimeolewa na mutu wa moyo kama huu."

Na hiyo ndiyo ikawa adhabu ya nne. Maana kesho yake neno la kijiko lilikufa, likazaliwa lingine. Garajini, msikitini, kwenye duka la vipuri, kila mtu alikuwa akisimulia jinsi Shakuru alivyompa mpinzani wake nguo bora akabaki na mbovu. Mzee mmoja akamshika mkono baada ya sala ya adhuhuri, akamwambia, "Mungu akulipe, kijana. Wenye imani wamebaki wachache." Wakamsamehe kushindwa. Wakasema kumbe ndiyo maana hakushika, alikuwa anamwonea haya mgeni wa nguo yake. Shakuru aliitikia amina zao zote na kila moja ilikuwa chungu kama nyongo. Dakar imekwenda. Ilikuwa haki yake kuipoteza, hilo alilijua, lakini sasa hata kulia kwake walikuwa wamemnyang'anya kwa sifa.

Na kulikuwa na ile kola. Mtu anayefua kwa mikono atainyonga ile nguo, ataisugua kola kwa sabuni, atasikia. Jumatatu Shakuru hakuweza kukaa. Akatembea kutoka Buyenzi mpaka Kibenga, jua la saa nane, akisema moyoni atabuni uongo wowote, aichukue hata ikiwa mbichi. Alipofika, geti lilikuwa limefungwa, ila juu ya ukuta kamba ya nguo ilionekana. Kimono yake ilikuwa imeanikwa. Nguo yote imelala na kuchuruzika maji, kola peke yake imesimama wima. Akasimama pale kama mwizi mpaka mlinzi wa jirani akamuuliza anatafuta nani. "Hakuna," akasema, akageuka njia aliyojia.

Alhamisi jioni, kabla ya mazoezi, wanafunzi walipiga magoti mstari mmoja, wadogo kwa wakubwa. Maître Atumani mbele. Gaël akaingia, kimono mikononi, imepigwa pasi, imekunjwa, imefungwa mkanda wake. Akainama kwa mzee, akaja mbele ya Shakuru.

"Nimekurudishia kama ulivyonipa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Shakuru akaipokea. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kola, wale watatu, vikajikunja, na kola ikajikunja pamoja navyo, laini, nguo kama nguo nyingine. Chini ya dole gumba akasikia mshono mpya, wa mkono, vishono vidogo vidogo vilivyofuatana, vya mtu aliyekaa kitako na subira. Akainua macho.

Gaël akanyoosha mkono kumpa mkono, akamvuta karibu kama wanavyofanya wanaume wakikumbatiana bega, na katika kiganja cha Shakuru kikabaki kitu kilichoviringishwa. Cha mpira.

"Umenipa na hiki," akamnong'oneza. "Sheria inasema ulivyonipa, si nusu."

Gaël akaendelea, bado wamekumbatiana bega:

"Nilijua toka nilipoivaa, kaka. Kila tukisimamishwa nilikugongea. Nilikungoja useme. Ungesema tu, ningeivua, tungeanza upya na matambara yetu."

"Na we," Shakuru akauliza, "mbona hukusema?"

"Haikuwa kola yangu."

Akamwachia, akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima kungoja jibu lake. Hakuna aliyesikia kitu. Wadogo walikuwa wakikodoa macho.

"Shakuru!" Maître akaita. "Jibu, watoto wanangoja."

Mkono wa kulia wa Shakuru ukajifunga juu ya ule mpira, na safari hii haukuteleza.

"Nimeipokea," akasema, "kama nilivyokupa."

Maître Atumani akapiga makofi, vile vidole vyake vikigongana kama vijiti, na wanafunzi wote wakapiga. "Mumeona?" akawaambia, akimwonyesha Shakuru. "Mumutazame muzuri huyu. Ameshindwa, lakini mutu ni huyu."

Wakamtazama. Gaël akainama, akavaa viatu, akaondoka zake kwenda kujiandaa na safari. Shakuru akakaa mahali pake amekunja ngumi, na ulipofika wakati wa kusimama wawili wawili na kushikana, akasema mkono unamuuma.